Taimulapsi kwa simu ya zamani: mwongozo kamili, kuanzia kuchagua pengo mpaka video kukamilika

Simu ya zamani iliyolala kwenye droo, kioo kimepasuka, betri haishiki chaji lakini kamera bado inapiga, hiyo ni mashine tosha kabisa ya taimulapsi, na kwa kazi hii mimi naipenda kuliko simu mpya kwa sababu unaweza kuiacha sehemu moja siku nne tano bila kuihitaji kwa meseji wala kupiga simu. Taimulapsi yenyewe haina siri, unapiga picha za kawaida moja moja kwa mapengo sawa, afu unaziunganisha zikimbie kama video, na mambo yanayoenda taratibu mno mpaka jicho haliyaoni yanaanza kuonekana. Alikuwepo Mwingereza mmoja, Percy Smith, kufikia 1910 alikuwa tayari anawaonyesha watu maua yakichanua, na alitumia mitambo aliyojiundia mwenyewe. Leo mtambo wote huo umo ndani ya simu ambayo watu wanaitupa.

Karibu kila anayeanza anauliza anunue nini. Mi nasema usinunue kitu kwanza, jiulize kitu unachotaka kukirekodi kinatembea kasi gani. Ukishajua hilo, pengo kati ya picha na picha, idadi ya picha, nafasi ya kuhifadhi, muda wa kuchaji, vyote vinafuata vyenyewe. Wengi wanachukua namba za mapengo kwenye jedwali fulani, mawingu sekunde tano, mimea dakika kumi, afu wanashangaa video imekuwa ya kurukaruka. Jedwali halijui mawingu yako yanaenda kasi gani leo wala umeweka kamera umbali gani.

Nitaenda na jaribio moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mbegu ya maharage inayoota kwenye chupa, kwa sababu ndani yake kuna mwendo wa aina mbili tofauti na taabu karibu zote za taimulapsi, ukiiweza hiyo mengine utayaweza.

Hatua ya 1: piga hesabu kabla ya kushika simu

Video nyingi zinakimbia fremu (yaani picha moja moja za video) 24, 25 au 30 kwa sekunde. Tuchukue 25 maana hesabu yake ni rahisi. Video ya sekunde 10 inataka picha 250. Ukipiga kila baada ya sekunde 4, hizo picha 250 zinakula sekunde 1,000, yaani kama dakika 17. Ukipiga kila baada ya dakika 10 zinakula karibu saa 42. Hesabu ni hiyo tu, idadi ya picha mara pengo.

Sasa pengo unalipataje? Mimi nafanya hivi: naweka simu mahali pake, napiga picha mbili zenye muda kidogo katikati, dakika moja kwa mawingu, saa moja kwa mmea, afu nazifungua kwenye galari na kutelezesha mbele nyuma, mbele nyuma. Unaona kitu kimehama kiasi gani. Kama unataka kitu kivuke upana wote wa picha kwa sekunde 5 mpaka 10, basi kinatakiwa kuhama kama asilimia 0.4 hadi 0.8 ya upana kwa kila fremu, kwenye video ya kawaida (1080p) yenye upana wa pikseli 1,920, yaani vidoti vinavyounda picha, hiyo ni pikseli 8 mpaka 15 hivi. Kikihama zaidi ya hapo sana macho yanaanza kuona kinaruka. Kikihama kidogo zaidi video inakuwa laini lakini ndefu, na ndefu si tatizo kwa sababu picha za ziada utazitoa baadaye. Picha ambazo hukupiga huwezi kuziongeza.

Kwenye maharage kuna mwendo wa aina mbili kama nilivyosema. Mzizi kwenye joto zuri unaweza kurefuka kama milimita moja kwa saa. Kama picha yako inaonyesha eneo la upana wa sentimita 10, milimita moja ni pikseli 19 za video, kwa hiyo ukipiga kila dakika 10 mzizi unasogea pikseli 3 hivi kwa fremu, laini kabisa. Lakini shina likishatoka juu linaanza kuzunguka. Ncha yake inachora duara hewani, inaenda huku, inarudi kule, na Charles Darwin na mwanawe Francis walichapisha utafiti mkubwa kuhusu mizunguko hii mwaka 1880. Kwa maharage yanayotambaa mzunguko mmoja unachukua kama saa mbili. Kwa pengo la dakika 10 mzunguko mzima unapata picha 12 tu, yaani nusu sekunde ya video, na kinachoonekana ni shina linalotetemeka kwa fujo. Kwa pengo la dakika 2 unapata picha 60, sekunde 2 na nusu karibu, na hapo ndipo unaona mmea unatafuta kitu cha kushika.

Kwa hiyo pengo letu ni dakika 2, linatosha mwendo wa haraka, na kwa ule wa polepole tutachukua picha moja katika kila tano wakati wa kuunganisha. Siku 5 kwa pengo hilo ni picha 3,600. Picha ya megapikseli 12 ya JPEG mara nyingi ni MB 3 mpaka 5, tuseme 4, jumla GB 14.4. Angalia simu yako ina nafasi hiyo, kama haina, weka memori kadi, au punguza ukubwa wa picha kwenye seting. Video ya 1080p inahitaji pikseli milioni 2 tu na ya 4K milioni 8.3, sasa megapikseli 12 zinatosha zote mbili na kwa 1080p unabaki na uwezo wa kuzuumu karibu mara mbili wakati wa kuhariri bila picha kuharibika.

Hatua ya 2: programu, na jaribio la saa ya ukutani

Kamera ya kawaida ya simu ina kitufe cha taimulapsi lakini kwa kazi hii haifai. Kwenye iPhone kwa mfano programu yenyewe ndiyo inaamua pengo, ukirekodi muda mrefu inaongeza pengo polepole ili video ibaki fupi, na mwisho unapewa video, hupewi picha. Wewe unataka picha moja moja ukiwa umechagua pengo mwenyewe. Kwenye Android natumia Open Camera, ni ya bure, haina matangazo, ina sehemu ya kurudia picha na kuchagua muda wa kurudia, na ukiwasha Camera2 API kwenye seting zake (njia inayoipa programu udhibiti zaidi wa kamera, kama simu yako inaikubali) unapata kushika kwa mkono ISO (jinsi kamera inavyohisi mwanga), shata (muda wa kuachia mwanga uingie, 1/25 ni sehemu ya ishirini na tano ya sekunde) na fokasi. Kwenye iPhone tafuta programu yoyote ya intavalometa (inayopiga picha yenyewe kila baada ya pengo ulilochagua) inayohifadhi picha moja moja na inayokubali kufunga ekspoja, yaani kiasi cha mwanga kinachoingia kwenye picha.

Kabla ya kuiamini programu na kazi ya siku tano ipime kwa saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Weka pengo la sekunde 5, elekeza kamera kwenye saa, subiri dakika tano. Mshale unazunguka kwa sekunde 60, kwa hiyo kila picha inatakiwa imkute mshale kwenye alama zilezile 12, kama ulianzia kwenye 12 basi inayofuata 1, inayofuata 2, mpaka mwisho. Fungua picha uziangalie. Kama mshale unaanza kuangukia katikati ya namba, na kila mzunguko unazidi kidogo, maana yake programu inahesabu sekunde 5 baada ya kumaliza kuhifadhi picha, pengo lako halisi ni 5 na ushee. Hiyo haina shida, ni kuchelewa kwa kiasi kilekile. Shida ni ukiona mara imekutana na namba, mara imepita mbali, mara imerudi, hapo simu inahangaika, labda memori kadi ni ya polepole au kuna programu nyingine inakula nguvu, na video itakuwa na mwendo wa kwikwi hata ukishika kila kitu kingine sawasawa. Futa programu zisizohitajika, jaribu memori ya ndani badala ya kadi, pima tena.

Jaribio hilohilo linakufundisha kitu kingine kizuri. Weka pengo la sekunde 60 kamili kwa robo saa, uziunganishe, utaona mshale wa sekunde umesimama kabisa wakati ule wa dakika unatembea. Pengo likipungua kidogo, tuseme sekunde 59, mshale unarudi nyuma. Ndiyo sababu magurudumu kwenye video mara nyingine yanaonekana yanazunguka kinyume. Kwa mmea maana yake ni hii, kama kuna mwendo wa kujirudia na pengo lako linakaribiana na muda wa mzunguko mmoja, video itakudanganya wazi wazi na hutajua.

Hatua ya 3: andaa simu ikae peke yake siku tano

Hapa ndipo taimulapsi nyingi zinapofia, na wala si kwa sababu ya kamera. Washa hali ya ndege. Zima masasisho ya moja kwa moja maana simu ikijiwasha upya saa nane usiku utakuta picha zimeishia hapo. Nenda kwenye seting za betri, tafuta ile programu ya kamera, iondoe kwenye orodha ya zinazobanwa ili kuokoa chaji, simu nyingi zinaua programu ambayo haijaguswa muda mrefu. Programu nyingi za kamera zinasimama kioo kikizimika, kwa hiyo kiache kimewaka lakini shusha mwanga wake mpaka chini kabisa. Flashi zima. Sauti ya shata zima, usiku utanishukuru.

Chaja itabaki imechomekwa muda wote, hapa naomba uwe makini kweli. Betri ya lithiamu haipendi vitu viwili vikikutana, joto na kujaa asilimia 100 muda wote. Kama simu yako ina seting ya kusimamisha chaji kwenye 80 au 85, iwashe. Vua kava. Usiiweke juani wala karibu na taa inayochemka, iache hewa izunguke nyuma yake, na iweke juu ya kitu kisichoshika moto, kigae au sahani, sio kwenye kitambaa wala karatasi. Saa ya kwanza na ya pili iguse mgongoni. Uvuguvugu ni kawaida, ikiwa ya moto mpaka huwezi kuishika, simamisha. Na kama betri imevimba, kioo kimeinuka pembeni au mgongo umeachia, hiyo simu isichajiwe tena hata kama kamera yake ni nzuri namna gani, ipeleke panapopokelewa taka za betri.

Hatua ya 4: jukwaa lisilotikisika

Stendi ya bei ndogo inafaa, cha msingi isihame. Kuna tofauti kati ya kutikisika na kuhama, mtikisiko wa sekunde moja unaharibu picha moja tu na unaifuta, lakini simu ikilegea na kuinama nusu milimita kwa siku video nzima itaonekana inaporomoka. Kwa hiyo fungia simu kwa mpira au tepu, weka uzito kwenye miguu ya stendi, mfuko wa mchanga unafaa sana. Waya wa chaja ufunge kwenye stendi kwa tepu ili mtu akiuvuta uvutike hapo, usiivute simu.

Chora kwa penseli alama ndogo ya msalaba kwenye ukuta au kadibodi iliyo nyuma ya mmea, kwenye kona ya picha. Hiyo alama ni shahidi wako. Kila unapokuja kuangalia, linganisha picha ya kwanza na ya mwisho, msalaba ukiwa palepale kamera haijahama. Bandika tepu mezani kuzunguka miguu ya stendi na chini ya chupa pia, maana itabidi uongeze maji na ukiinua chupa uirudishe mahali pake pale pale.

Maharage yenyewe: loweka usiku mmoja, chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, zungushia karatasi laini ya kufutia ndani yake, jaza katikati karatasi nyingine iliyolowa ili ile ya nje ibanane na kioo, afu telezesha mbegu mbili tatu kati ya karatasi na kioo, upande unaotazama kamera. Tatu, kwa sababu moja inaweza isiote. Maji yawe kidogo chini, karatasi itayapandisha yenyewe, mbegu zikizama zinaoza. Acha mdomo wazi ili kioo kisifanye ukungu wa maji. Nyuma weka kadibodi nyeusi, mzizi ni mweupe utaonekana vizuri sana.

Hatua ya 5: mwanga

Mwanga wa dirishani unadanganya, kila wingu likipita picha zinabadilika, na usiku unapoteza nusu ya video. Funga mapazia, tumia taa moja ya LED inayowaka saa 24 muda wote wa jaribio, maharage hayadhuriki na hilo kwa siku chache. Iweke juu, si pembeni, kwa sababu shina linainama kuelekea mwanga na taa ya pembeni itakulazia mmea wote upande mmoja (ila hilo nalo ni jaribio zuri, siku nyingine hamisha taa kila baada ya masaa uone mmea unavyogeuka kuifuata). Kama kioo cha chupa kinaakisi taa, sogeza taa kidogo kidogo mpaka ule mng'ao utoke kwenye picha.

Halafu upepesaji wa taa. Umeme wa hertz 50 unafanya taa nyingi zipande na kushuka mara 100 kwa sekunde, ule wa hertz 60 mara 120. Jicho halioni, shata inaona. Kupima: weka shata ya haraka, 1/1000 hivi, piga picha ya ukuta uliomulikwa na ile taa. Ukiona mistari ya giza na mwanga imelala kwenye picha, taa inapepesa. Tafuta taa nyingine, au weka shata inayolingana na umeme wako, 1/50 au 1/25 kwa hertz 50, 1/60 au 1/30 kwa hertz 60, ili kila picha ibebe mapigo kamili ya mwanga na zote zitoke sawa.

Hatua ya 6: funga kila kitu kwa mkono

Simu ikiachwa ijiamulie, picha moja itakuwa na mwanga kidogo zaidi, inayofuata kidogo chini, na video itameta-meta mpaka kichwa kiume. Kwa hiyo funga vitu vinne: ISO, shata, waiti balansi (namna kamera inavyosahihisha rangi ya mwanga) na fokasi.

ISO iweke chini kadiri simu inavyokubali, 50 au 100, chenga (zile punje punje kwenye picha) zinapungua. Mmea haukimbii popote kwa hiyo shata inaweza kuwa ndefu, 1/25 ni sawa. Kamera za simu nyingi tundu lake la mwanga halibadiliki, sasa kama picha bado ni ya giza ongeza shata kwanza, mpaka 1/10 hata 1/5, ISO iwe ya mwisho. Waiti balansi chagua ya taa yako na usiiache kwenye otomatiki, maana majani ya kijani yakishaanza kujaa kwenye picha otomatiki itafikiri mwanga umebadilika rangi na itaanza kusahihisha kitu ambacho hakijaharibika. HDR (ile ya kuchanganya picha kadhaa kuwa moja) na urembo wowote wa akili bandia zima.

Fokasi ina mtego wake. Usifunge pale mbegu ilipo leo tu, fikiria shina litakuwa wapi siku ya nne. Simamisha penseli mahali unapotegemea lipite, funga fokasi hapo, toa penseli. Na usiisogeze simu karibu sana, kamera kuu za simu nyingi haziwezi kufokasi kitu kilicho chini ya sentimita 8 au 10, kaa mbali kidogo afu ukate picha baadaye, pikseli unazo. Fokasi otomatiki kwenye taimulapsi ni balaa lingine kabisa, kila lenzi inaposogea eneo linaloonekana nalo linapanuka na kubana kidogo, kwa hiyo picha inakuwa kama inapumua.

Piga picha kumi za majaribio, ziangalie kwa kuzuumu, ndipo uanze. Siku ya kwanza usitegemee kitu. Kuanzia ya pili au ya tatu, kutegemea joto, mzizi unatoka. Shina ndio linanivutia kuliko yote, halitoki kwa ncha, linatoka limejikunja kwa umbo la ndoano na kuziburuta zile nusu mbili za mbegu kwa nyuma, hivyo kwenye udongo kinachosugua njia ni mgongo wa ndoano na majani machanga hayachubuki, mwanga ukishaligusa linaanza kunyooka na kuinua kichwa. Kwa macho utaona jana lilikuwa hivi leo liko vile. Kwenye taimulapsi unaona lilivyojivuta na kusita kabla ya kunyooka.

Hatua ya 7: kuunganisha picha

Hamishia picha kwenye kompyuta kwa waya. Majina ya faili ya Open Camera yana tarehe na saa, kwa hiyo zikipangwa kwa jina zimepangwa kwa muda. Zipitie haraka ukiwa umezifanya ndogo ndogo, futa zile zenye mkono wako ulipokuwa unaongeza maji.

Ukitaka njia ya kubonyeza bonyeza, programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve, ile ya bure, inasoma folda ya picha zenye namba zilizofuatana kama klipu moja. Mimi napenda FFmpeg, ni ya bure, inafanya kazi hata kwenye kompyuta dhaifu, na amri ni mstari mmoja. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) ndani ya folda ya picha uandike:

`ffmpeg -framerate 25 -pattern_type glob -i "*.jpg" -vf "crop=iw:iw*9/16,scale=1920:1080,deflicker=size=10,format=yuv420p" -c:v libx264 -crf 18 video.mp4`

Tuielewe. Framerate 25 ni fremu kwa sekunde. Crop inakata picha ya simu, ambayo ni ya 4:3, iwe ya 16:9 kwa kuchukua katikati, kwa hiyo wakati wa kupiga kumbuka juu na chini vitakatwa. Scale inaipunguza. Deflicker inaangalia mwangaza wa fremu 10 zinazofuatana na kuusawazisha, ile metameta ndogo iliyobaki inaondoka. Format inafanya video ichezeke kwenye simu na televisheni zote. Crf 18 ni ubora wa juu, ukipanda 23 faili linapungua na wengi hawataona tofauti. Kwenye Windows ile glob, inayokusanya faili zote za .jpg, mara nyingi haifanyi kazi, hapo badili majina ya picha yawe 0001.jpg, 0002.jpg na kuendelea, afu badala ya `-pattern_type glob -i "*.jpg"` andika `-i %04d.jpg`.

Kwa sehemu ya mzizi tulisema tunachukua picha moja katika kila tano. Usifute picha, badili tu `-framerate 25` iwe `-framerate 125`, na kabla ya jina la video mwishoni ongeza `-r 25`. Picha zinasomwa mara tano haraka na zinazozidi zinaachwa. Toa video mbili, moja ya mzizi kwa kasi kubwa na moja ya shina kwa kasi ndogo, afu uziunge kwenye programu yoyote ya kuhariri.

Kama mwendo bado unaonekana mkavu, unakatika katika, ongeza `tmix=frames=3,` kabla ya format. Hiyo inachanganya kila fremu na jirani zake na kuacha kivuli kidogo cha mwendo. Kwa mawingu na watu wanaotembea inapendeza sana, kwa mzizi usiitumie, utapoteza ukali wa vile vinywele vyake vidogo.

Ukitoka nje

Kwa mawingu rudia kila siku upya lile jaribio la picha mbili za mbele nyuma, yale ya chini yenye upepo yanaweza kutaka sekunde 2, yale membamba ya juu sekunde 10 na zaidi. Funga ekspoja ukiangalia sehemu yenye mwanga mkali zaidi, weupe ukishaungua haurudi, kivuli unaweza kukiinua baadaye. Ukipiga kupitia dirishani, bandika lenzi karibu na kioo, zungushia kitambaa cheusi, zima taa za chumbani. Jua lenyewe linasogea upana wake mzima kwa kama dakika 2, usiiache lenzi ya zuumu ikiliangalia moja kwa moja, na wewe usilitazame.

Nyota zinataka shata ndefu, sekunde 15 mpaka 20 kwa kamera kuu ya simu, na giza la kweli. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, ndiyo maana ukizidisha shata nyota zinaanza kuwa vistari. Shata ya sekunde 20 pengo liwe 22 au 23, ipe simu nafasi ya kuhifadhi, na zima ile seting ya kupunguza chenga inayopiga picha ya pili ya giza kila mara, inakula muda mara mbili na kuacha matundu kwenye mwendo.

Machweo ndiyo magumu, kwa sababu kila nilichosema kuhusu kufunga ekspoja kinagonga mwamba. Mchana wa jua kali mwanga unafika kama lux 100,000 (lux ni kipimo cha mwanga), usiku wa mbalamwezi pevu haufiki hata lux 1, hakuna seting moja inayobeba vyote. Kwa simu njia ninayoiamini ni hii: funga waiti balansi kwenye mchana, kama kelvini 5,500, na fokasi kwa mbali, lakini ekspoja iache otomatiki huku ukiishusha kidogo kwenye kile kipimo cha kuongeza na kupunguza mwanga, -0.7 au -1. Simu itapanda kwa ngazi ndogo ndogo na hizo ngazi deflicker inazilainisha, jaribu `size=25` badala ya 10, ikizidi sana utaona mwanga unachelewa kubadilika. Ukifunga rangi, anga inageuka ya chungwa, kisha ya zambarau, kisha ya bluu nzito kama ilivyokuwa. Ukiacha rangi otomatiki simu itapigana na machweo mpaka iyafanye ya kijivu. Anza saa nzima kabla jua halijazama na usikimbilie kuzima likishapotea, dakika 20 mpaka 40 zinazofuata ndizo zenye rangi nyingi.